Kiti cha Okestra

Mtwara,
12 Februari 2023

Mpendwa Mama mdogo,

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba barua ni kama mgeni mwenye adabu: haisemi shida yake kabla ya kusalimu. Leo naomba uniwie radhi, swali litangulie, maana kila nikilianza kwa salamu linajificha nyuma yake. Je, mtu anayepiga piano kwa kupenda tu, asiyelipwa wala kutegemewa na yeyote, anachagua utunzi mgumu kwa sababu anautaka, au kwa sababu anaukimbia mwingine?

Sasa shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima. Mjomba Orlando goti linamsumbua, lakini bado anashinda kwenye mikorosho yake kule Mahurunga, akigombana na kila anayemshauri apumzike. Chuoni wamenipa tena somo la mantiki, na wanachuo wangu, walimu watarajiwa, wanalichukia kwa moyo mmoja. Joto ni kali na umeme unakatika hovyo, ingawa gesi, kama unavyopenda kusema, inatoka uani kwetu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa kumi na moja parokia inaadhimisha jubilei, na Paroko ameniomba nipige kitu kikubwa. Nimeamua nijifunze koncheto, ule utunzi ambamo mpiga piano mmoja husemezana na okestra nzima. Okestra hatuna. Lakini ulituonyesha zamani kwamba mtu mmoja aweza kuwa okestra, akipiga sehemu yake yote kwenye kinanda cha kwaya kando ya piano. Nimebaki na tatu. Ya Mnorwe, inayoanza kwa ngurumo ya ngoma. Ya Mrusi, inayoanza kama kengele zinazokaribia. Na ya Mfaransa, ambayo sehemu yake ya katikati ni ya polepole, nami nadhani ningeiweza kama ningepewa miaka.

Ipo ya nne, ile ya Mwaustria. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tukijifunza mimi na mdogo wangu Vania, mimi kwenye piano, yeye okestra, kabla hajaenda kukaa nawe Palma, kule Msumbiji. Mwezi ujao itatimia miaka miwili tangu vita iingie Palma na yeye asionekane. Hiyo siihesabu.

Piano yenyewe inadhoofika kwa unyevu wa bahari. Unakumbuka ile balbu tuliyoiwasha ndani yake mchana na usiku ili ikaushe mbao? Imeungua, na balbu za siku hizi hazitoi joto. Zimetengenezwa zitoe mwanga tu. Nimezunguka maduka yote ya Chikongola nikiulizia balbu inayounguza mkono, na wauzaji wananitazama kama mgonjwa.

Simu yako najua hutaiwasha, kwa hiyo barua hii nampa Saide. Anapeleka vitenge Pemba ya Msumbiji, akizunguka kwa Daraja la Umoja. Nishauri. Ulikuwa mwalimu wetu kabla hujawa kila kitu kingine.

Mwanao,
Celia

*

Pemba,
2 Aprili 2023

Celia mwanangu,

Milele, amina. Marahaba. Saide amefika mwembamba kama uzi wa cherehani, na barua yako inanuka dagaa. Amekula sahani mbili za wali kabla hajakumbuka kuwa ana barua. Mimi mzima, mgongo tu. Mwambie kaka yangu Orlando goti halisikii matusi, alikande kwa maji ya moto.

Nina watoto kumi na kitu hapa, wa waliokimbia kama mimi, nawafundisha muziki. Piano hatuna. Nimechora vibonye kwa mkaa kwenye ubao mrefu na wanapiga ubao. Usicheke. Namwona anayekosea kabla hajakosea. Shida ni kwamba wakimaliza wanataka wapigiwe makofi, na mimi sijui kama wamestahili.

Haya, koncheto zako. Ya Mnorwe mtu anaporomoka kutoka juu ya piano hadi chini kama aliyeteleza kwenye ngazi. Vidole vyako havifiki, una mikono ya mama yako marehemu, mikono ya kufinyanga vyungu. Ya Mrusi waachie wenye mikono kama makasia. Ya Mfaransa inahitaji mtu anayecheka, na wewe ulicheka mara ya mwisho siku Padri Mkuu alipokalia keki. Lakini ukinilazimisha, chukua ya Mnorwe. Ukianguka, utaanguka kwa kishindo, na watu wa parokia wanapenda kishindo.

Umeniandikia tatu. Mimi nimesoma tatu.

Balbu tafuta kwa wafuga kuku. Wao ndio wanaojua taa za kupasha moto.

Mama yako mdogo,
Beatriz

*

Mtwara,
21 Mei 2023

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Salamu zako zimefika, na ushauri wako wa wafuga kuku umeniokoa: balbu nimeipata kwa Mama Sabra kule Mikindani, mfuga vifaranga, na sasa mwanga wake unapenya kwenye nyufa za piano kama jiko lililofunikwa. Mjomba amekataa maji ya moto. Anasema dawa ya goti ni kutolizungumzia.

Ya Mnorwe nimeijaribu. Ulisema kweli kuhusu mikono yangu. Kila jioni baada ya vipindi nimekaa kwenye ukumbi wa parokia nikiporomoka ngazi ile, na kila jioni nimefika chini nikiwa na vibonye vitatu nilivyoviruka. Lakini ugumu wa namna hiyo haunitishi. Ni ugumu unaoonekana, mtu aweza kuupima na kuupunguza.

Kuna jambo jingine. Nikikanyaga pedali na kukaa kimya, piano inavuma. Nimelichunguza, kama nilivyozoea. Pedali ikikanyagwa nyuzi huachiwa huru, na nyuzi zilizo huru huitikia sauti yoyote iliyo karibu. Nilitamka jina lako, zikaitika. Nikatamka jina la mjomba, zikaitika. La Vania sikulitamka. Sauti ya kwaya ikitoka chumba cha pili, zitavuma. Pikipiki ikipita, zitavuma. Maelezo haya ni sahihi. Linalonisumbua ni kwamba niliyatafuta haraka mno, na kwamba mvumo ninaousikia una mwendo wa ile sehemu ya mwanzo ya koncheto ya nne. Huenda ni masikio yangu yanayoupa mwendo huo. Nadhani ndivyo. Sina hakika.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilikifungua kitabu cha Mwaustria. Kuona tu, nilijiambia. Wewe unakijua ugumu wake: hauko vidoleni, hata mtoto wako wa ubao angezifikia noti zake. Mpiga piano anaketi mbele ya watu, na okestra inaanza bila yeye, inaendelea bila yeye, kurasa na kurasa, naye kazi yake ni kungoja. Ndipo anaingia peke yake, kwa sauti ndogo, akisema jambo ambalo okestra haikulisema. Niliketi mikono mapajani, nikangoja kwenye ukimya, nikiifuata sehemu ya Vania kichwani.

Brian akaingia. Humjui. Ni fundi mitambo wa kiwanda cha saruji, mzaliwa wa Mbeya, anapigia kinanda kwaya ya vijana. Alikuja kuchukua waya wa umeme.

“Dada Celia, unasali au umekwama?”

“Nasubiri.”

“Unamsubiri nani?”

“Okestra.”

“Pole sana. Kwa barabara ile ya Kibiti na mvua hizi, itachelewa.”

Nikacheka, Mama mdogo. Uandike hilo, maana ulisema sijacheka. Na nilipokuwa nikicheka alikwisha kuchungulia kitabu, akavuta kiti cha kwenye kinanda, akaketi, akaanza kupiga.

Desturi ya ukoo wetu wa upande wa mama unaijua kuliko mimi, lakini niiandike ili uone kwamba naielewa. Aliyetoka nyumbani na hajarudi, kiti chake hakikaliwi. Siku kikikaliwa, ndiyo kusema tumekubali kwamba hayupo. Msiba unawekwa, na wa kwanza kukikalia awe mtu wa ukoo, naye hupewa jina la aliyeondoka. Miaka hii yote wanakwaya wamekuwa wakipiga kinanda kile wamesimama, kwa sababu niliwaomba, na sikuwaambia sababu. Brian ni mgeni, hakuwepo siku niliyowaomba, husimama kwa kuwaiga wenzake tu. Nilipaswa kumwinua. Sikumwinua. Alipiga vibaya, akiruka noti na kuomba samahani, lakini alipofika mahali pangu, niliingia. Hilo ndilo linalonitisha: kwamba niliingia, na mahali penyewe.

Sasa sijui nimefanya nini. Kama kiti kimekaliwa, Vania amekufa na mgeni asiyejua lolote ndiye aliyetangaza. Kama hakijakaliwa, basi kule kuingia kwangu mahali penyewe kulikuwa nini? Wa kuamua ni wewe na mjomba, si mimi. Na huwezi kuamua kwa haki bila kusema unachokijua. Sijawahi kukuuliza. Nakuuliza sasa. Mlipotoka Palma mlikuwa pamoja. Kulitokea nini?

Mwanao,
Celia

*

Pemba,
30 Juni 2023

Celia,

Salamu. Huku kipindupindu kimepungua, Mungu ashukuriwe. Nguru ni ghali. Mtoto mmoja wa ubao, Dercio, ameanza kupiga kwa mikono miwili, na mama yake analalamika kuwa anamharibia meza.

Huyo kijana wa Mbeya hana kosa. Mwinue kwenye kiti, mpe chai, asirudie.

Simu niliizima kwa sababu tulipokuwa kwenye mikoko simu ya mtu ililia. Hilo nakupa. La zaidi usiniulize.

Piga ya Mnorwe.

B.

*

Mtwara,
3 Septemba 2023

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na kwamba Dercio amepata meza nyingine. Mjomba Orlando amemaliza kupalilia, na anakuuliza kama huko Pemba bado mnaharibu mihogo kwa kuitia nazi nyingi mno. Nimemwambia nitaliandika kama lilivyo.

Brian nimemwinua. Nilimweleza desturi yetu na akainama kama aliyevunja kitu cha watu. Alitaka kuniletea mbuzi. Nilimwambia kwetu hakuna faini ya kutojua, ingawa sina hakika kama hilo ni kweli. Tangu hapo kinanda kinapigwa tena wakiwa wamesimama, na mimi nimerudi kwenye ngazi ya Mnorwe, na hakuna kinachoingia mahali pake.

Hukunijibu, nami sikukulaumu. Lakini mtu aliyekataliwa jibu mahali pamoja hulitafuta pengine, na likizo ilipofika nilikwenda Kilambo. Nilijua kwamba siku zile za Machi na Aprili watu wengi walivuka Ruvuma pale, na kwamba wengine walivukia chini zaidi, karibu na mto unapomwagika baharini, kwenye matope. Miaka miwili iliyopita niliuliza kwa picha ya Vania, na kila mtu alitikisa kichwa. Safari hii sikubeba picha. Nafikiri nilikuwa nimechoka kuona nyuso zikiitazama kwa huruma.

Kuna mama anaitwa Rehema, anauza uji na vitumbua pale wavukaji wanapopumzika. Aliwapikia watu siku zile bila malipo, na anawakumbuka kwa makundi, si kwa sura. Tulizungumza muda mrefu. Nilimweleza kwamba mdogo wangu alikuwa na tabia ya kuvumisha wimbo usio na maneno, wa chini, akiwa jikoni, akiwa njiani, hata akiwa na hofu. Nikamvumishia ile sehemu ya okestra.

Akasema, “Ndiyo, dada. Kulikuwa na mmoja. Kama mashine ya kusaga ikiwa mbali.”

“Alikuwa mwanamke?”

“Wengi walikuwa wanawake.”

“Alikwenda wapi?”

“Walikwenda wote, dada. Mimi nilibaki na masufuria.”

Unaliona kosa langu? Nafundisha kosa hili kila mwaka, nalichora ubaoni. Ukimwonyesha shahidi jibu, kisha ukamwuliza, utalipata jibu lako mwenyewe likiwa limevaa nguo zake. Kama ningemwacha avumishe yeye kwanza, ningekuwa na kitu mkononi. Nilimvumishia mimi. Sasa sitajua kamwe kama Rehema alimsikia Vania au alinisikia mimi, au kama alimwonea huruma mwanamke aliyetoka mjini kwa bajaji kumwimbia wimbo wa kigeni mbele ya vitumbua. Siwezi kurudi kuuliza upya. Sikio lake nimekwisha kulichafua.

Nakuandikia hili si kwa kukulazimisha. Nilitaka tu mtu mmoja alijue.

Mwanao,
Celia

*

Pemba,
24 Septemba 2023

Celia mwanangu,

Marahaba. Mihogo yetu ina nazi ya kutosha, na Orlando alikuwa akila sahani nzima na kulamba mwiko.

Barua yako niliipokea siku tano zilizopita. Nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kuwafundisha watoto, nikarudi nikaisoma tena. Mashine ya kusaga ikiwa mbali. Hayo ni maneno ya huyo mama au ni yako? Usijibu. Najua ni yake. Wewe ungesema kitu kirefu zaidi.

Sasa nisikilize, na usinikatize, maana nitaandika mara moja tu.

Tulitoka mji ukiwaka moto, tukaingia mikokoni, tukielekea Quionga ili tuufikie mto tuvuke tuje kwenu. Tulikuwa wengi, vikundi vikundi. Hatukuweza kuitana. Hatukuweza kuwasha tochi. Watoto walikuwa wanapotea hatua tano tu kutoka kwa mama zao. Vania ndiye aliyesema atatangulia na kikundi cha mbele, kwa kuwa miguu yake ni mizima, na atavumisha, kwa chini, ili sisi wa nyuma tufuate. Aliniambia, “Mama mdogo, wewe unaijua, hutaipoteza.” Akavumisha ile ya kwenu, ule mwanzo. Ukisikia kwa mbali si wimbo, ni mdudu, au mashine. Ndiyo maana aliichagua. Tulimfuata hivyo mpaka maji yalipoanza kujaa.

Maji yalijaa kwenye mkono wa bahari uliokuwa kati yetu na wao. Walikwisha kupita. Sisi hatukupita. Wenye watoto walikataa, na walikuwa na haki. Tulisimama kwenye mizizi, maji kiunoni, na nilimsikia bado upande wa pili. Akaendelea kwenda, kama alivyopaswa. Nilikuwa nikimsikiliza mimi peke yangu, kwa sababu mimi peke yangu niliujua. Na sauti ikapungua.

Sikuisikia ikikatika, Celia. Niliisikia ikipungua. Kisha ikawa ndogo kiasi kwamba sikujua kama naisikia au naikumbuka. Milio ya bunduki ilikuwepo kabla na ilikuwepo baadaye. Asubuhi tulirudi nyuma, na siku ya nne tukapakiwa kwenye boti ya kuja Pemba.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu nilijua nitakachoulizwa. Orlando angeniuliza, ilikatika au haikukatika? Wewe ungeniuliza vilevile kwa maneno ya chuo. Na nyote mngechukua neno langu mkalifanya kaburi au mkalifanya mlango, na mimi sina lolote kati ya hayo mawili. Nina sauti iliyopungua. Nilitaka ibaki hivyo ilivyo kwa muda, kwangu tu.

Kuhusu Rehema sitasema kitu. Wewe umesema sikio lake limechafuka, nami nakubali. Lakini tangu juzi nimelala vibaya na nimelala vizuri.

Kiti: mpelekee Orlando barua hii, umsomee yote. Mimi ni mdogo wake, neno la mwisho ni la mjomba. Langu la kwanza ni hili. Msiba sijauweka na sitauweka. Lakini koncheto ile usiiache kwa ajili yangu. Nilikuambia piga ya Mnorwe kwa sababu ina kelele, na mimi niliyataka makelele. Hilo halikuwa shauri la mwalimu.

Beatriz

*

Mtwara,
26 Novemba 2023

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Umeandika mara moja, nami nimesoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Asante. Mjomba anakusalimu. Goti lilimruhusu kuja mjini kwa jubilei, akiwa na shati la kitenge na gunia la mihogo, akisema anakutumia ujifunze kupika.

Nilimsomea barua yako Mahurunga, mwanzo wa Oktoba, yeye akibangua korosho na vidole vimebabuka kwa mafuta yake. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaendelea kubangua, nikadhani hakusikia.

“Hiyo kocheto yenu,” akasema hatimaye, “inapigwa kwenye kiti gani?”

“Kile cha kinanda, mjomba. Cha parokia.”

“Amewahi kukilalia?”

“Hapana.”

“Amewahi kulia chakula hapo?”

“Mara moja moja. Karanga.”

“Karanga si chakula.” Akatupa ganda. “Kiti kisichokaliwa ni kile cha nyumbani, anapokula na kuota moto. Kile cha kwenu ni kiti cha kazi. Kazi haina mwenyewe. Jembe la mtu aliyesafiri, shamba halioti majani ukiliacha limelala? Mwite kijana wa Mbeya akae. Jina la mwanangu asipewe mtu. Msiba hatuweki.”

Nimeitafakari tofauti hii tangu siku ile. Sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine yeyote, kiti cha kazi na kiti cha nyumbani. Nilimwuliza Mama Mwanahamisi, jirani yake, mjuzi wa mambo ya ukoo wetu, akaniambia, “Kama Orlando kasema, basi ipo.” Nashuku kwamba mjomba aliitunga pale pale, katikati ya korosho mbili, kwa huruma. Nashuku pia kwamba desturi zote zilitungwa hivyo, na kwamba kuchelewa kwangu kuiamini hakuifanyi kuwa ya uongo. Uamuzi ni wake, nami nimeufuata.

Kwa hiyo nilichagua ya nne, wiki saba kabla ya siku, jambo ambalo hakuna mwalimu angelishauri. Tulijifunza sehemu ya kwanza tu. Brian alifanya mazoezi hata kwenye zamu yake. Wenzake kiwandani wanasema alikuwa akipiga okestra kwenye kofia yake ngumu. Ijumaa iliyopita ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilitoka, nikainama, nikaketi, nikaweka mikono mapajani. Brian akaketi kwenye kiti, akaanza.

Hatukuwa tumewaonya watu. Walimwona mwalimu wao ameketi mbele ya piano kubwa, kimya, na kijana pembeni anafanya kazi yote. Ukurasa wa pili nikasikia minong'ono. Mama mmoja nyuma, nadhani ni Joyce wa duka la vitabu vya dini, akasema kwa sauti ya kunitia moyo, “Jamani, kasahau! Mwimbieni akumbuke!” Mwingine akapiga kigelegele kifupi. Mjomba akageuka akawaambia wakae kimya, mtoto anangoja zamu yake, hawajawahi kupanga foleni?

Nami nilikuwa nangoja, Mama mdogo. Brian anapiga kwa usahihi kuliko Vania. Vania alikuwa akikimbia mahali pa kukimbia na mahali pasipo pa kukimbia. Nilidhani nitausikia mvumo ule chini ya upigaji wa Brian, nilikuwa nimejiandaa kuusikia, hata nilikuwa nimeyatayarisha maelezo yake. Sikuusikia. Palikuwa na kinanda cha kwaya, watu wenye jasho, na zamu yangu ikikaribia. Nikaingia. Mikono yangu ya kufinyanga vyungu iliteleza mahali pawili, na hakuna aliyejua isipokuwa Brian, ambaye alinisubiri.

Makofi yalipopigwa yeye akasimama, na kiti kikabaki kitupu. Nilikitazama, na sikuweza kusema kama ni kitupu kwa sababu mtu ameondoka au kwa sababu mtu hajafika.

Nilikuuliza Februari kama mtu anachagua utunzi kwa kuutaka au kwa kuukimbia mwingine. Nilidhani nikiupiga ule niliokuwa nikiukimbia, swali litajijibu. Halikujijibu. Ukimya wa jioni ile waweza kuwa na maana kwamba Vania ameniacha, au kwamba mimi nimeacha kumwita, au kwamba nilikuwa na hofu ya hadhira kama kila mtu na masikio yangu yalikuwa na kazi nyingine. Kila moja ya hoja hizi inasimama, na hakuna inayoziangusha nyingine. Ushahidi pekee uliokuwa ukivuka mto ulikuwa masikioni mwa Rehema, na mimi mwenyewe niliuvuruga kwa kupenda jibu kabla ya kuuliza. Ulionao wewe ni sauti iliyopungua, na sauti inayopungua haimwambii anayebaki kama aliyekuwa akivumisha amesimama au amefika mbali.

Mwanafunzi wangu akiniletea hoja kama hii, ningemwandikia pembeni kwa wino mwekundu kwamba haijakamilika. Haijakamilika. Sioni namna ya kuikamilisha isiyokuwa uongo, na sitaki tena kukuomba wewe uikamilishe.

Leo Brian ameuliza kama tuanze sehemu ya pili. Nimemwambia tuanze.

Mwanao,
Celia